Vitabu vya Mama Amisa Havifungi Karanga

Mama Amisa si mtu wa kuambiwa "toka" akatoka. Hilo lijulikane mapema, kabla ya habari ya vitabu. Ni mjane wa Kiislamu, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na tangu watoto wake wakiwa wadogo ndiye mtunzaji wa chumba cha kusomea katika shule moja ya sekondari hapa Kasongo. Wakuu wa shule wamekuja na wameondoka. Yeye yupo.

Fahari ya chumba kile ni ensaiklopidia ya Kifaransa, juzuu kumi na sita zilizopangwa kwa herufi, majalada yaliyokuwa mekundu zamani na sasa yana rangi ya tofali. Hapa mjini tunaviita vile vitabu vikubwa, na mtu akisema hivyo kila mmoja anajua ni vipi. Watu wakibishana sokoni juu ya urefu wa mto au umri wa kobe, hupelekana kwa Mama Amisa, na anayeshindwa humnunulia mwenzake chai.

Kuazima kuna sheria yake. Unavua kiatu cha kushoto, unakiweka rafuni pale pale kitabu kilipotoka, halafu unakwenda. Ukirudisha kitabu, unavaa kiatu chako. Sheria hiyo ilianza baada ya juzuu moja kupanda pikipiki hadi mbali kule Wamaza na kurudi bila picha hata moja. Mama Amisa alilia, kisha akakasirika, kisha akafikiri: mtu mwenye kiatu kimoja hafiki Wamaza. Tangu hapo, ukimwona mtu anachechemea kutoka upande wa shule, kiatu mguu mmoja, mzigo kwapani, humpi pole. Unamwuliza anasoma herufi gani.

Magloire naye alichechemea hivyo akiwa mwanafunzi. Leo ndiye mkuu wa shule. Ana tai, ana simu ya kioo kipana, na ana mke, Laura, mshonaji, ambaye mumewe alimletea viatu vyeupe vya kanisani kutoka Bukavu. Viatu hivyo Kasongo nzima tunavijua, maana Magloire alivisimulia mpaka tukachoka.

Si mtu mbaya, Magloire. Alihangaika kuwatafutia wanafunzi kompyuta, akazipata. Ubaya wake ni kwamba alizitafutia mahali kwa kuangalia ukuta mmoja tu, ukuta wa vile vitabu vikubwa. Alhamisi alimwambia Mama Amisa kwamba Jumamosi asubuhi mama mmoja muuza karanga atakuja na magunia. Vitabu vitauzwa kwa kilo, kurasa zikafunge karanga.

"Karanga?" Mama Amisa aliuliza.

"Mama, vitabu hivi viko vizee. Fungua ile ya mwisho. Inasema inchi yetu iko Zaïre."

"Siku ile ilikuwa Zaïre. Kitabu ilisema kweli ya siku yake, na haiikane."

"Sasa yote iko humu." Akagonga simu. "Andika Kasongo. Ona. Mu kitabu yako tuko na mistari mine, vita na Waarabu basi. Humu kuna shule, kuna hospitali, kuna watu."

Hilo lilimuuma Mama Amisa. Mistari minne ile aliijua kwa moyo. Mara nyingi alikuwa ameisoma na kujiuliza kama aliyeiandika aliwahi kuona hata mtu mmoja wa Kasongo akicheka. Simu ilikuwa imewaona zaidi, na alikubali hivyo mbele ya Magloire, kwa shingo upande.

Lakini hakumaliza. Mwezi mmoja kabla, Magloire mwenyewe alikuwa amemwonyesha kwamba ensaiklopidia ya simuni yeyote anaweza kuiandika. Yeyote? Yeyote. Hata miye? Hata weye, Mama. Basi akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja mistari miwili juu ya soko letu: mawese, mihogo, samaki wanaotoka Nyangwe kwa mtumbwi na kufika kwa baiskeli. Usiku ule alilala na furaha ya bibi arusi. Kesho yake mistari ile haikuwepo. Mtu asiyejulikana, wa mji usiojulikana, alikuwa ameifuta, na akaacha neno: ushahidi wa kitabu kilichochapwa uko wapi?

Sasa alimkumbusha.

"Simu yako iliniomba kitabu, Magloire. Kitabu! Na weye unapeleka kitabu ku karanga. Siku simu itauliza tena, utaionyesha nini? Maganda?"

"Mama, ile ni mambo ya siku moja."

"Kitabu ikikosea, kosa lake linabaki pale. Naweka kidole, nasema, ona, hapa ulikosea. Ile ya simu leo inasema hivi, kesho inasema vile, na haiombe hata samahani. Leta kompyuta zako, nitazipangusa vumbi kila asubuhi. Lakini vitabu havitoki."

"Vinatoka Jumamosi," Magloire alisema, akaondoka kwa hatua za mtu aliyemaliza kazi.

Mama Amisa alikaa kwenye kiti chake na hasira yake. Alikuwa na hofu pia, tusimfanye wa chuma. Funguo za chumba zilikuwa mbili, na ya pili ilikuwa mfukoni mwa mkuu wa shule. Akijifungia ndani, mlango utafunguliwa. Akipiga kelele, wataitwa watu wa kumtoa kwa heshima. Alitazama rafu, kisha akachukua simu yake. Ndiyo, anayo, na anaitumia vizuri. Alianza kutuma ujumbe wa sauti kwa kila msomaji aliyemkumbuka.

Baada ya sala ya Ijumaa walianza kufika. Walikuja wauza nguo, walimu, mama wa shambani na jembe lake begani, fundi wa pikipiki mwenye mafuta mikononi, ambaye alirudishwa kwanza akanawe. Kila mmoja alichukua juzuu moja, na hakuna aliyeuliza mengi. Jioni barabara ya shule ilikuwa na watu wanaochechemea kama mji mzima umekanyaga mwiba mmoja, na kicheko kilifika mpaka misikitini.

Jumamosi asubuhi Magloire alifungua mlango, muuza karanga nyuma yake na mizani. Mama Amisa alikuwa ameketi kitini, mikono mapajani.

Rafu ilijaa viatu. Kandambili, kiatu cha mpira wa miguu, buti la shambani lenye tope bado, ndara za ngozi, vyote vya kushoto, vimepangwa kwa herufi.

"Vitabu viko wapi?" Magloire aliuliza.

"Viko na watu. Wanasoma."

"Vyote?"

"Vyote. Iko sheria ya chumba. Weye pia uliifuata."

Muuza karanga aliangua kicheko. "Directeur, miye nilikuja ju ya karatasi. Karanga haiingie mu kiatu."

Magloire alipandwa na hasira. "Natupa hivi viatu vyote inje! Sasa hivi!" Akanyoosha mkono kuanzia katikati ya rafu, na mkono ukaganda hewani. Pale pa herufi M palikuwa na kiatu cheupe, kisafi, cha kutoka Bukavu.

Muuza karanga alichungulia juu ya bega lake.

"Hiki..." Magloire alisema.

"Cha Laura. Alikuja jana, akaomba ile yenye Maniema, jimbo yetu. Kitabu iko mu nyumba yako, baba."

"Nipe hicho kiatu, Mama. Kesho iko Jumapili."

"Najua kesho iko Jumapili. Laura pia anajua. Amesema ataenda misa na kiatu kimoja, na atakaa benchi ya mbele." Mama Amisa alisimama, na kwa ufupi wake wote akamtazama usoni. "Kitabu ikirudi, kiatu inatoka. Na kitabu haiwezi kurudi kama haiko na mahali pa kulala."

Magloire aliutazama ukuta, akakitazama kiatu, akapangusa jasho kwa tai. Kisha akamwambia muuza karanga aende zake, na kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi, akauliza kompyuta zikae ukuta gani.

Mama Amisa alimwonyesha ukuta wa dirishani. Kiatu hakumpa. Kitabu kilikuwa hakijarudi.