Wimbo Wake wa Kutwangia

Mama yangu hasemi tena, lakini anaimba. Usishangae, hata mimi nilishangaa. Kiharusi kilimpata msimu wa korosho uliopita, shambani kwetu Chunyu, kikamlaza mkono mmoja na kumfunga ulimi. Ukimuuliza kama ana njaa, midomo inahangaika, halafu anakata tamaa, anageukia ukutani. Tulishauzoea ukimya huo. Asubuhi moja namfunga kanga, akaanza kuimba. Maneno yamenyooka, sauti imetulia, wala hakukwama popote. Niliutambua wimbo palepale, ni ule wa kutwangia.

Ngoja nikurudishe kule. Enzi hizo mashine ya kusaga ilikuwa Ruangwa mjini, na kwenda huko kwa miguu na mtama kichwani hakukuwa mchezo. Kwa hiyo kinu ndicho kilichotuamsha. Mama na wake za baba zangu wadogo walipokezana michi, tu, tu, tu, pumba zinaruka, kuku wanagombana miguuni mwao. Mabibo yaliyoiva yalinukia ua mzima, na kwenye mafiga palitokota ming'oko, viazi pori vile, tukiinyemelea sisi watoto. Bibi mzaa baba alikaa kibarazani na ungo wake, jicho halimwachi mtu.

Mke wa mtoto hajibizani na mama mkwe, hilo unalijua. Lakini akishika mchi anaweza kuimba lolote, na mama mkwe hana ruhusa ya kukasirika, maana aliyesema ni wimbo, si yeye. Wenzake mama waliimba Kimwera, wakamsema mume mvivu na wifi mchoyo, na bibi akisikia anazidisha kupepeta. Mama alikuwa Mmakua, katoka Naipingo, upande wa Nachingwea, na pale uani hakuna aliyejua Kimakua. Aliimba kwa lugha yake. Bibi alikuwa na msemo wake: huyu sijui ananisema nini, lakini unga wake laini.

Sisi watoto tukawa waitikiaji. Mama anaanzisha, ananyamaza kutusubiri, nasi tunapasua koo kwa kiitikio ambacho hatukujua maana ya hata neno moja, viuno vinakatika, vicheko tele. Kwangu mimi hakukuwa na wimbo wa furaha kuushinda huo. Hata wanangu niliwabembeleza nao, maneno nimeyapindapinda.

Kwa hiyo ulipomrudia, nilifurahi kama mjinga. Nikaitikia, naye akatabasamu kwa upande mmoja wa uso. Mdogo wangu akamrekodi kwa simu, akatuma kwenye kundi la familia, ndugu wa Dar wakajibu kwa makopakopa. Nikatangaza kwa majirani kwamba mama anapona.

Halafu akaja kumjulia hali mama mmoja mtu mzima, Mmakua wa Chiola, anayeuza ufuta gulioni. Mama akaimba, mimi nikaitikia kwa madaha yangu yote. Mgeni akaweka kikombe chini, akanitazama kama mtu anayepima neno. Nikamuuliza ni wimbo wa nini.

"Anamwita kaka yake," akasema. "Anasema, njoo unichukue, hapa nimechoka, nirudishe kwa mama."

"Na kile ninachoitikia?"

"Wewe unamwambia asubiri, mwanangu. Mavuno yakiisha, watamfuata."

Nilikosa pa kuweka uso wangu. Kwao mama, mume ndiye huhamia kwa wakwe. Baba alikataa, alikuwa na mikorosho yake huku, basi mama akaja kuishi kwa watu. Mimi nilikuwa nikijisifia kwamba sijawahi kumsikia mama akilalamika. Kumbe alilalamika kila asubuhi, kwa sauti, mbele yetu sote.

Sasa niambie, nifanye nini? Mjomba alishafariki. Nilikwenda Naipingo mwenyewe kwa bodaboda, nikakuta pale kwao pana mikorosho ya mtu mwingine, kijana mpole, akanionyesha makaburi asiyoyajua ni ya nani. Niliporudi nikamuuliza mama kama anataka nimpeleke hata akaone tu. Midomo ikahangaika, hakikutoka kitu. Labda anataka. Labda ni ulimi tu umeshika njia uliyoizoea. Sitajua kamwe, na inaniuma.

Vinu vimegeuka viti vya kuku. Mashine iko karibu na mlango, hakuna anayehitaji wimbo ili apate unga. Wake wa leo wakichoka wanapiga simu kwao, na si uongo, nawaonea wivu kwa niaba ya mama. Waliotwanga naye wote wamelala udongoni, na bibi pia.

Kila asubuhi mama anaanzisha. Akifika mahali petu ananyamaza, ananitazama, anasubiri. Siku moja nilijaribu kukaa kimya. Akarudia, akarudia tena, mpaka machozi yakamtoka. Nikajaribu kumweleza kwa Kiswahili kwamba mjomba hayupo, kwamba hata nyumba haipo. Akaanza upya. Sina kiitikio kingine, ndugu yangu. Basi nashika mkono wake ulio mzima, naitikia kwa Kimakua nisichokijua, namwambia asubiri, mavuno yakiisha watamfuata. Naye anatulia.