Nilimpakia mke wa diwani miaka yote, siku aliponiita shahidi nikachekesha ukumbi

Admin nifiche jina, huku kwetu tunajuana wote. Wanaume wanaojua kuongea Rungwe nzima tupo watatu: wa kwanza mimi, wa pili mimi nikishapiga bia moja moto, wa tatu bado hajazaliwa. Nina miaka ishirini na sita, bodaboda wa Tukuyu, kijiwe changu kipo Bagamoyo, hii ya hapa hapa Tukuyu, sio ile ya Pwani. Shule niliishia kidato cha pili, walimu walichoka kushindana na mimi. Nywele zangu zimechongwa zikachongeka, ndo maana helmeti huwa naitundika kwenye usukani, naivaa nikimuona trafiki tu. Matrafiki mnaosoma hapa mtanisamehe.

Kuna mama mmoja, mumewe alikuwa diwani wetu vipindi viwili, na mimi ndo nilikuwa boda wake. Mzee alikuwa mtu wa suti na salamu. Wenye shida zao walikuwa wanapitia mlango wa jikoni, wanamkuta mama anamenya ndizi, wanamweleza, anafuta mikono, ananipigia: "Mwanangu, njoo tuzunguke." Daraja letu la miti liliposombwa na mvua nilimpeleka nyumba kwa nyumba kwenye matope akiomba magogo, halafu tukaenda halmashauri, akakaa kwenye benchi mpaka mhandisi mwenyewe akachoka kumuona, akatoka. Sasa siku za baraza la madiwani ndo ilikuwa sinema. Mzee anapiga simu kutoka ukumbini, mama yupo nyuma yangu na mwavuli wake, na ile simu ya batani inapiga kelele kama redio. "Mama nanii, wamefika kwenye maji, niseme nini?" Mama anamwambia taratibu: "Usiseme maji hakuna, watakuuliza wapi. Sema bomba la kule shuleni limepasuka tangu masika, watoto wanachota mtoni." Jioni watu wanasifia, diwani wetu leo kawasha moto! Mimi nacheka tu kimoyomoyo.

Mwaka jana mzee sukari ikamzidi, akasema hagombei tena. Mama akachukua fomu. Kijiweni ubishi ukaanza. "Kulala na diwani ndo udiwani?" Mwingine akasema, "Mbona huko duniani wake za marais wanagombea urais kabisa?" "Hao wamesoma bwana!" Mimi nikawa upande wa kusema umke sio uzoefu. Sio kwamba niliamini. Upande huo ndo ulikuwa na utani mtamu.

Siku ya kura za maoni za chama mimi ndo nilishika maiki, kazi yangu kumpelekea anayeuliza. Wagombea walikuwa wawili, mama na jamaa mmoja mwenye digrii. Mjumbe mmoja akasimama: "Mama, sisi tunakuheshimu sana. Lakini ukiacha kuwa mke wa diwani, uzoefu wako ni upi?"

Mama akamtupia mzee jicho. Najua kwa nini. Mzee alikuwa amekaa mstari wa mbele na suti yake, na mama asingeweza kusema mbele za watu kwamba maneno yote ya mzee yalikuwa yanatoka nyuma ya pikipiki yangu. Akageuka akaniangalia. "Uzoefu wangu muulizeni huyu kijana. Amenizungusha kata nzima. Mwanangu, waambie."

Jamani, mnajua utamu wa ukumbi mzima kukugeukia? Maiki ninayo mkononi. Nikasema: "Kweli wajumbe, huyu mama nimempakia miaka na miaka, njia zote anazijua. Sasa nani kati yenu atampa pikipiki aendeshe, kisa amekaa nyuma?"

Ukumbi ulilipuka. Wazee walipiga meza, kuna bibi alicheka mpaka kilemba kikadondoka. Hata mzee alicheka. Mama akatabasamu kidogo, akakaza kitenge chake, akaniambia, "Ndaga, mwanangu," yaani asante kwa Kinyakyusa chetu, akaenda kukaa. Kura hazikutosha.

Hakuna aliyenihonga. Ningekuwa nimehongwa leo ningekuwa na cha kusingizia. Wiki nzima kijiweni nilinunuliwa soda, kila mtu anataka nirudie ule utani, na nilirudia.

Diwani mpya sio mtu mbaya, ila ukimpigia yupo kikaoni. Daraja limeondoka tena na mvua hizi, watoto wanazungukia kule juu kwenye mashamba ya chai. Watu wakaenda tena mlango wa jikoni. Mama akawajibu, "Nendeni kwa diwani jamani, mimi ni mke wa mtu tu." Nilikuwepo, nimepeleka unga. Nilitamani ardhi inimeze.

Wiki iliyopita nilimpeleka Bulyaga kufuata dawa za mzee. Tupo njiani akaniuliza, kwa upole kabisa: "Mwanangu, hivi nilivyokuwa naongea na simu huko nyuma, wewe ulikuwa unasikia?"

Mimi mwenye mdomo wangu nikajibu: "Hapana mama. Helmeti na upepo, hata honi huwa sisikii."

Tukafika. Akashuka, akanipa nauli, akasema: "Nilijua tu. Ungekuwa unasikia ungesema."

Akaingia dukani. Nikainamisha kichwa, nikaiona helmeti yangu. Inaning'inia kwenye usukani, pale pale ilipo siku zote. Na yeye miaka yote hiyo alichokuwa anakiona mbele yake ni kisogo changu kitupu.

Ndugu zangu, msiniandikie kwamba hiyo ni siasa tu. Niambieni, nikapige magoti jikoni kwake, au niwaombe wajumbe wale wale wanipe tena maiki? Naanzaje kumwambia mtu kitu ambacho anakijua, na ameamua kunifichia aibu?

Nilisikia. Kila neno nilisikia.