Chupa Isiyokauka

Dada yangu ni mkandaji. Kazi aliirithi kwa mama yetu, pamoja na kitanda kirefu, beseni la taulo na chupa moja kubwa ya kahawia ambayo haikuwahi kukauka. Mama alikuwa na desturi yake: mafuta ya lavenda yakifika nusu, anamiminia mapya juu ya yale ya zamani, eti harufu isipotee. Alipofariki, dada akaendelea vivyo hivyo. Kila asubuhi aliikumbatia chupa ikiwa wazi, akanusa na kumtafuta mama humo. Nami nilinusa, sikatai.

Halafu mikono yake ikaanza kuwasha. Vilianza vipele katikati ya vidole, kisha ngozi ikapasuka mpaka kikombe cha chai kikawa mtihani. Sasa mkandaji bila mikono ni nani? Wateja wakawa wanachungulia vile vidole, mara wanakumbuka wana safari. Dada akawa hatulii: anakaa, anainuka, anajikuna kwenye fremu ya mlango, anarudi kukaa, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Na dawa yake? Mafuta yale yale! Yanatuliza, alisema, mama alitulaza nayo tangu utotoni. Nikamtolea uvivu kwamba atakuja kukanda watu kwa viwiko. Akaninunia. Mimi mwenyewe roho ikawa juu. Nikiosha vyombo navunja, nikilala nageuka tu.

Mwisho nikamburuta, yeye na chupa yake, hadi kwa mfamasia wa mtaani. Mfamasia alinusa chupa, akakunja uso. Akatueleza kwamba ndani ya lavenda mna aina ya alkoholi, si ile ya kulewa, inaitwa linalooli. Ni sehemu kubwa ya ile harufu, na wengi wanaamini ndiyo inayompoza mtu wasiwasi. Lakini ikipigwa na hewa muda mrefu inabadilika, na hapo inaweza kuwasha ngozi vibaya. Sisi tulikuwa tunamiminia mafuta mazima juu ya yaliyoharibika. Akampa dada krimu, akamwambia apumzishe mikono.

"Na hii chupa," akasema, "mwageni yote."

Nyumbani dada akanikabidhi mimi. Nikaona kazi rahisi; si mimi niliyepiga kelele muda wote huo? Nikatoka hadi kwenye karo la uani, nikainamisha chupa, mkono ukagoma. Mle ndani bado mlikuwa na mafuta aliyoyamimina mama kwa mkono wake. Nikarudi nayo, macho chini.

"Hata wewe?" dada akauliza.

"Hata mimi."

Tukamwaga pamoja, yeye kashika shingo ya chupa kwa kitambaa, mimi kitako. Nililia waziwazi.

Mikono ilipopona, aliyekandwa kwanza nilikuwa mimi. Alitaka mtu atakayemwambia ukweli bila kumwonea haya. Nikajilaza nikinung'unika: kitanda kigumu, mafuta yenyewe kama ya kukaangia, chumba hakina harufu yoyote. Viganja vikatua mgongoni, vikapanda shingoni, kisha kidole gumba kikazunguka taratibu nyuma ya sikio, palepale alipozungusha mama kila tuliposhindwa kulala.

"Bado unalalamika?" dada akauliza.

Nilitaka kumjibu, lakini usingizi ulikuwa umeshanichukua.