Mama hakukosea

Utotoni kwetu Igoma, ngozi ya viwiko vyangu ilikuwa nyekundu, ikiwasha na kupasuka. Mama aliamini dagaa aliokula akiwa na mimba yangu ndio chanzo, akaacha kuwala kabisa. Kila aliponipaka mafuta alisema, "Nisamehe, mwanangu."

Mwaka jana, mama akiwa ameshafariki, nilimsimulia daktari wa ngozi habari ya dagaa, akanieleza: "Chembe za kinga mwilini mwako zinapeana ishara za vita wakati hakuna adui. Ngozi ndiyo inaumia. Mama yako hakukosea chochote."

Nilimpigia baba, nikamweleza. "Laiti mama yako angeyasikia hayo mwenyewe," alisema.

Natamani ningempata mama hata kwa robo saa, nimweleze taratibu mpaka aamini.