Mama Unga Avuka Kijito

Watu walimwita Mama Unga kwa sababu hata siku ya mapumziko, ameoga na kujipaka mafuta, hakukosa chembe ya unga kwenye nyusi. Alikuwa mwokaji mikate. Miaka nenda miaka rudi alikanda, akakata, akasukuma mikate tanurini kwa koleo la mti, amesimama wima mpaka vifundo vya miguu navyo vikaumuka.

Juu ya mlango wa nyuma wa jiko palikuwa na kidirisha, na humo kidirishani ulionekana mlima. Aliutazama kila alipofuta jasho. Mumewe alipofariki, nyumba ikapwaya, akajiambia kwamba mlima ule hataendelea kuutazama tu. Akajiunga na klabu ya matembezi ya mtaani.

Wifi yake, mshona mapazia, alikuwa mwanachama wa siku nyingi: mwembamba kama uzi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo. Walimwita Filimbi, na kanuni yake ilikuwa moja: kundi likishavuka kijito, aliyebaki nyuma arudi akasubiri kwenye basi.

Safari ya kwanza Mama Unga alirudi. Ya pili akarudi. Alianza kupanda na kushuka ngazi za ghala kila baada ya kazi, malengelenge yakapasuka, akafunga vitambaa akaendelea. Safari ya tatu akarudi vilevile.

"Wifi, dereva amekuzoea sasa," wifi yake alimtania. "Kuna jambo mnatuficha?"

Basi zima likacheka. Naye alicheka, kisha akainama kukaza vitambaa vya miguuni.

Safari ya nne alifika kijitoni anahema, wenzake wakiwa ng'ambo tayari. Filimbi akainua mkono.

"Mama, kanuni unaijua."

"Naijua, mwalimu. Lakini mimi nimekuja kupanda, sikuja kulinda basi."

Akavua viatu, akakunja sketi, akaingia majini.

"Na ukichoka huko juu?"

"Nitakaa. Nikipumzika nitainuka."

Filimbi akatikisa kichwa, akawafuata wenzake. Wifi mtu ndiye aliyegeuka. Alishuka akinung'unika, akamshika mkono kumtoa majini. "Ukivunjika shingo, marehemu kaka yangu atanijia ndotoni kunidai mke wake. Haya, twende!"

Wakaenda mwendo wa kobe. Kundi lilipokutana nao likishuka, Filimbi aliwaamuru wageuke. Mama Unga hakuwa na pumzi ya kujibu na kupanda kwa pamoja, akachagua kupanda. Kwenye mwinuko wa mwisho changarawe zilimtelezesha, miguu ikagoma. Akapiga moyo konde, akainama, akashika mawe. Mikono iliyokanda unga maisha yake yote ikamvuta, hatua kwa hatua, hadi kukawa hakuna tena pa kupanda.

Upepo ulikuwa mkali. Wifi yake akaketi, akavua kiatu kimoja. Soksi ilikuwa imelowa damu.

"Nawe pia?" Mama Unga alishtuka.

"Kila safari. Najikaza kisabuni tu, watu wasiseme."

"Na mimi unanicheka!"

"Ulitaka nimcheke nani, nijicheke mwenyewe?" Wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka machozi. Kisha Mama Unga akamfunga wifi yake kidole kwa kitambaa.

Walipofika kwenye basi watu walikuwa na njaa na nyuso zimekunjamana.

"Umetuweka wote hapa," Filimbi alisema.

"Kwa kuwachelewesha, nisameheni. Kwa kupanda, siombi radhi." Akashusha pumzi. "Safari ijayo nitatangulia. Waokaji tunaamka kabla ya jogoo."

Na kweli, safari iliyofuata mawifi wawili walidandia gari la kusambaza mikate asubuhi mapema. Kundi lilipofika kijitoni liliwakuta ng'ambo, wameketi, wanavaa viatu. Filimbi akauliza kwa sauti ya chini kama gari lile lina nafasi ya mwanachama mwingine, fundi saa mmoja mnene, ambaye hajawahi kuvuka kijito.

"Tutajibana," alisema Mama Unga, akasimama na kuanza kupanda.