Mahindi ya rangi ya pipi yaliyomuua mtoto wa jirani yangu hapa Bunia

Wakuu, salamu kutoka Bunia, mashariki mwa Kongo.

Ninachoandika hapa sijatia chumvi, na sijitetei. Mwenye matusi ayalete, nimeshajitukana ya kutosha.

Mimi ni mtu wa kilimo, agronome kama wanavyoniita hapa. Nilikuwa nagawa mbegu kwenye mradi mmoja mdogo, jina lake nalihifadhi. Nyumbani ni mtaa wa Saio. Chumba cha nyuma kwetu anakaa Mama Neema, aliyekimbia vita huko Djugu na binti yake Neema, wa miaka mitano.

Siku moja tulibakiwa na mahindi ya mbegu. Nikatia kilo mbili hivi kwenye mfuko wa plastiki, nikampelekea alime kile kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Nikamwambia, "Mama, hii ni ya kupanda." Basi.

Sikutaja sumu.

Mbegu hizi hupakwa dawa ya wadudu, halafu hutiwa rangi ya pinki kali ili mtu akiiona ajue si chakula. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni, nikaamini rangi inajieleza yenyewe. Kusoma nako kunapofusha, jamani.

Sasa tuulizane: hapa kwetu pinki ni ya nini? Ni pipi za dukani, bonbon tunavyoziita. Ni sirapu ya kuchanganya na maji siku ya ubatizo. Ni ile dawa ya kikohozi ambayo watoto wanalamba mpaka kijiko. Kibaya kwetu ni kichungu, na uchungu una sura yake: kidonge cheupe cha kwinini, majani mabichi ya kijani, muhogo mchungu.

Na muhogo mchungu, mama wa Djugu anajua namna yake. Unauloweka siku tatu, unamwaga maji, unaonja. Uchungu ukiisha, sumu imeisha.

Mama Neema alifanya hivyohivyo. Mvua ilikuwa imechelewa na ndani hamna unga. Akaloweka, akamwaga yale maji ya pinki kila siku, akatafuna punje moja. Hakuona uchungu. Akachemsha, akamwachia mtoto sahani nzima, kama akina mama wanavyofanya wakati wa njaa.

Nilirudi saa nane mchana nikamkuta Neema anatapika, mate yanamtoka, mikono inatetemeka. Nikachungulia sufuria. Punje zilikuwa bado na wekundu kidogo. Niliogopa sana, wakuu.

Tukampandisha pikipiki mpaka kituo cha afya. Walihangaika naye kweli, siwalaumu. Jua halijazama, mtoto amekwisha.

Kwenye matanga nilimsogelea mama yake nikamwambia ile ilikuwa sumu, na ile rangi ilikuwa ya kuonya.

"Papa agronome, mimi nilionja. Haikuwa muchungu hata kidogo. Sasa kama iko sumu, juu ya nini mulipaka rangi ya bonbon?"



Swali hilo nililipeleka kwa mkubwa wangu wa kazi. Akasema rangi hiyo inaeleweka dunia nzima. Nikaacha kazi mwezi uleule.

Nilichojifunza: ukimpa mtu kitu chenye sumu, sema kwa mdomo, kwa lugha yake, na umwambie kwamba kuloweka hakusaidii. Kisha arudie maneno yako uyasikie. Mimi ilikuwa sentensi moja tu, na niliibania.

Naombeni mchango wenu, wakuu. Kwenu sumu ina rangi gani, na utamu je? Waulizeni kwanza mama zenu, msijibu kwa vyeti kama mimi.

Mama Neema hatasoma haya. Bado tunakaa naye ua mmoja. Kila asubuhi ananisalimia kwa heshima ileile, na mimi nashindwa kuitika.