Mawe Sita ya Oldupai

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mpaka leo nikitoka Ganako nikafika Karatu mjini, najiona nimesafiri. Kwa hiyo mwalimu wa historia alipotupakia kidato cha pili kizima kwenye lori kwenda Oldupai, kuona walikoishi watu wa kale, niliaga nyumbani kama mtu anayekwenda ng'ambo.

Njiani, kwenye ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, ukungu ulitumeza, nikasinzia. Tulipoteremka upande wa pili, nchi ilikuwa nyeupe kwa vumbi, kimya, kama bado haijaamua iwe ya karne gani. Sikuwa na hakika kama nimeamka.

Mzee wa Singida, mchimbaji wa pale, alituingiza kwenye kibanda cha mabati. Chini, kwenye udongo uliopigwa brashi, mawe yalichomoza nusunusu. Akaanza kusimulia, polepole, habari za watu waliokaa hapo kando ya ziwa. Nikachuchumaa pembeni. Nililiona ziwa lenyewe. Niliwasikia kina mama wakiita watoto.

Mikono nayo, kwa kukosa kazi, ikafanya ya nyumbani. Kwetu ukichuchumaa shambani unaokota mawe, unayarundika mpakani. Nilipozinduka nilikuwa na rundo safi la mawe sita.

Mzee aliacha kusimulia, akalitazama rundo. "Nani amenilimia?"

Mwalimu akashika kichwa.

"Haya ni mawe ya watu wa kale, yalikuwa hayajachorwa kwenye ramani mahali yalipo," mzee akasema, sauti chini. "Jiwe likitoka lilipolala, linabaki kokoto tu. Wachoraji wanakuja kesho, na ufunguo wa kibanda ninao mimi. Kazi yangu ndiyo imekwisha hivyo."

"Ni mimi, mzee," nikasema. Kisha, kwa kuchelewa, "Shikamoo."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Ganako."

"Akimaliza atapanda mahindi," mwenzangu mmoja akanong'ona.

Lakini mtoto wa shamba la mawe anajua jambo moja: jiwe likitoka huacha kitanda chake. Nikapiga magoti. La kwanza likaingia, la pili, la tatu. Upande wenye unyevu chini, mkavu juu. La sita likagoma. Nililigeuza mara nyingi, jasho likinitiririka, mzee akihema sikioni mwangu. Mwishowe likazama bila sauti.

Mzee akalala kifudifudi, akapitisha kidole pembeni ya kila jiwe. "Yamelala," akasema. Akainuka taratibu. "Ukimaliza shule, mwanangu, usije kuomba kazi hapa."

Palizi iliyofuata nilikuwa nikiokota jiwe, napiga magoti natazama kitanda chake, nalirudisha. Mama akasimama na jembe begani.

"Sasa hayo unayaombea au unayaokota?"

Shamba letu mwaka ule lilibaki na mawe mengi sana.